Rangi ya Ngoma

Rangi haina mlio. Chukua ngoma mbili zilizotengenezwa kwa mbao za mti mmoja, zikawambwa kwa ngozi za namna moja na kukazwa sawasawa. Moja uitie rangi nyeusi na nyingine rangi ya samawati, kisha umfunge msikilizaji kitambaa machoni. Hataweza kukuambia ipi ni ipi. Hata hivyo, katika karne ya ishirini rangi ya ngoma iliwahi kutajirisha viwanda, ikawafanya vijana wa miji mikubwa wahesabu akiba yao senti kwa senti, na ikalibeba jina la mtu kama sarafu ibebavyo jina la mfalme. Mnunuzi aliweza kuingia dukani asitaje ukubwa wa ngoma wala aina ya mbao. Alitaja jina la mpigaji tu, na mwenye duka akajua mara moja ni rangi gani atakiwayo kuiteremsha.

Wako watu wazima walichekao jambo hili na kuliita upuuzi wa vijana. Mimi siliiti hivyo. Walakini sikubali pia maelezo mepesi yatolewayo kila mara, kwamba rangi hupata sifa kwa kuwa aliyekaa nyuma yake ni hodari. Wapigaji hodari walikuwa wengi mno, na rangi za ngoma zao zimesahauliwa. Nadhani tukitazama historia kwa utulivu tutaona kwamba kila rangi iliyopata kuwa mashuhuri iliafikiana na macho ya wakati wake, yaani taa za ukumbi, na mkanda wa sinema, na kioo cha televisheni. Mpigaji aliileta rangi mbele za watu. Lakini vyombo hivyo ndivyo vilivyoamua watu waone nini.

Yafaa kwanza tujue seti ya ngoma za bendi ilivyopatikana, kwani haikuwako tangu zamani. Katika bendi za karne ya kumi na tisa kazi ya ngoma iligawanywa kwa watu wawili au watatu: mmoja alipiga ngoma kubwa, wa pili alipiga ile ndogo yenye nyuzi chini yake ambayo mlio wake ni mkali, na wa tatu alishika matoazi. Bendi za shule zetu za Kenya ziandamanazo kwa miguu zafanya hivyo hata leo. Kilichobadili mambo ni kikanyagio, chombo kidogo cha chuma kimwezeshacho mpigaji kuigonga ngoma kubwa kwa mguu. Vikanyagio vya namna mbalimbali vilijaribiwa, lakini vingi vilikuwa vizito na vya polepole. Mwaka 1909, katika mji wa Chicago, mpiga ngoma mmoja jina lake William F. Ludwig alianza kutengeneza kikanyagio chepesi pamoja na ndugu yake Theobald, na biashara yao ndogo ikawa kiwanda cha ngoma. Basi mtu mmoja akaketi kitini akafanya kazi ya watu watatu.

Kule kuketi ndiko kulikoleta habari ya rangi. Mwimbaji husimama mbele akaonekana mwili mzima, na watu huyatazama mavazi yake. Mpiga zeze au tarumbeta naye huonekana. Lakini mpiga ngoma hukaa nyuma, na ngoma zake zimemzunguka kama ukuta. Kionekanacho ni kichwa chake na mikono miwili iendayo mbio. Kwa mtazamaji aliye mbali, ngoma ndizo kanzu yake. Waundaji wa ngoma walilitambua jambo hilo mapema. Katika miaka ya 1920 wapigaji wengi wa Marekani walikuwa na ngoma kubwa ambazo ngozi zake za mbele zilichorwa mandhari: ziwa, milima, mbalamwezi juu ya maji. Ndani ya ngoma ilitiwa taa ya umeme ili picha ing'ae gizani. Usidhani taa ile ilikuwa pambo tu. Wakati ule ngoma ziliwambwa kwa ngozi ya ndama, na ngozi ya ndama hulegea hewa ikiwa na unyevu, hata mlio ukafifia. Joto la taa liliikausha. Ndivyo ilivyo mara nyingi katika kazi za mikono, kwamba kilichoanza kwa haja kikaendelea kwa uzuri, na baadaye watu wasijue kipi kilitangulia.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920 pambo jipya likaingia nalo likashinda mengine yote. Lilikuwa ganda jembamba la seluloidi, lililoviringishwa kuizunguka mbao ya ngoma na kubandikwa kwa gundi. Seluloidi ina historia ambayo msomaji wa Afrika ya Mashariki hapaswi kuipita bila kusimama. Katika miaka ya 1860 watengenezaji wa mipira ya biliadi huko Marekani walihangaika kutafuta kitu cha kushika mahali pa pembe za ndovu, kwa kuwa pembe zilikuwa ghali na zikizidi kuadimika. Nyingi katika pembe zilizofika nchi ile zilitoka bara yetu, zikachukuliwa mabegani hadi pwani, zikavushwa Unguja, na kutoka Unguja zikapakiwa merikebuni. Mmarekani John Wesley Hyatt alichanganya nyuzi za pamba zilizotiwa asidi pamoja na kafuri, akapata kitu kilaini kikiwa cha moto na kigumu kikipoa. Hati ya ugunduzi wake ni ya mwaka 1870. Kitu hicho hakikufaulu sana kama mpira wa biliadi, ila kilifaa kwa vitana, vifungo, kalamu, vinanda vya kifuani, na hatimaye ngoma.

Ili seluloidi ing'ae kama lulu, mafundi waliitia kiini kilichotolewa katika magamba ya samaki, wakaikoroga ingali laini ili mng'ao ufanye mawimbi, wakaiacha ikauka, kisha wakaikata vipande vyembamba kama majani ya karatasi. Basi ile iliyoitwa lulu haikupata kumwona chaza. Lakini mtu akiitazama chini ya taa huona mng'ao uendao na kurudi kadiri asogezavyo kichwa, kana kwamba mna maji ndani yake. Tena ganda hilo lilikuwa na faida nyingine ambayo wenye viwanda hawakuitangaza sana: lilifunika mbao. Fundi apakaye vanishi tu lazima achague mbao safi isiyo na doa wala kifundo. Fundi afunikaye kwa ganda aweza kutumia mbao ya sura yo yote maadamu ni imara.

Ubaya wa seluloidi ni kwamba huwaka upesi mno. Na hapa pana jambo la ajabu kidogo. Mikanda ya sinema ya zamani zile ilitengenezwa kwa kitu kile kile. Kwa hiyo mpiga ngoma wa miaka ya 1930 alipopigwa picha za sinema, ganda la ngoma yake na mkanda uliomnasa vilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Mpigaji wa kwanza ambaye rangi ya ngoma zake ilijulikana mbali ni Gene Krupa. Alizaliwa Chicago mwaka 1909, mwaka ule ule na mji ule ule wa kikanyagio cha Ludwig, lakini hakupata sifa zake kwa ngoma za Ludwig. Alipiga ngoma za Slingerland, kiwanda kingine cha Chicago kilichojulikana kwanza kwa banjo. Mwishoni mwa mwaka 1934 Krupa aliingia katika bendi ya Benny Goodman, na mwaka 1935 bendi hiyo ikapata umaarufu ambao bendi za jazi hazikuwa zimeupata bado. Tarehe 16 Januari 1938 ilipiga katika ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York, ukumbi uliozoea muziki wa mabwana wa Ulaya, na ngoma za Krupa zikasikika humo kwa kishindo ambacho wengi waliokuwako hawakukitarajia.

Kabla ya Krupa mpiga ngoma alikuwa mtumishi wa bendi: kazi yake ilikuwa kushika mwendo ili wengine wacheze. Krupa alimtoa nyuma akamleta mbele. Aliwataka Slingerland wamtengenezee ngoma za kati zinazoweza kukazwa ngozi zake za juu na za chini, kwani zile za zamani ngozi ya chini ilipigiliwa misumari isibadilike kamwe. Hilo lilikuwa badiliko la mlio, na wapigaji wote waliomfuata wana deni kwake. Lakini umati haukuiona misumari iliyoondolewa. Uliona weupe. Seti yake ilifunikwa kwa ile lulu nyeupe yenye mawimbi, na mbele ya ngoma kubwa palikuwa na ngao yenye herufi za jina lake.

Kwa nini weupe? Fikiria ukumbi wa dansi wa miaka ile, giza limetanda, taa chache zimeelekezwa jukwaani, na wachezaji wa bendi wamevaa suti nyeusi. Kitu cheupe mahali kama pale hupokea nuru yote na kuirudisha. Taa ikiwa nyekundu ngoma huwa nyekundu. Ikiwa ya buluu, ngoma hugeuka nayo. Kisha ikaja sinema. Krupa alionekana katika filamu ya Hollywood Hotel ya mwaka 1937, na katika Ball of Fire ya mwaka 1941, nazo ni filamu zisizo na rangi. Ngoma nyekundu katika filamu ya namna hiyo ni ngoma ya kijivu. Ya kijani pia ni ya kijivu. Nyeupe peke yake hubaki nyeupe. Kijana wa mji mdogo asiyepata kuingia ukumbi wa dansi wa New York, aliyeingia sinema kwa senti chache, alimwona Krupa katikati ya nuru, akatoka akiwa na rangi moja tu kichwani. Slingerland nao hawakulala; picha ya Krupa na seti yake ikawekwa katika orodha zao za bei, na lulu nyeupe ikauzika mwaka baada ya mwaka. Buddy Rich, aliyekuja kuhesabiwa na wengi kuwa mwepesi wa mikono kupita wote, naye alionekana aghalabu nyuma ya ngoma nyeupe.

Ni haki niongeze jambo moja kuhusu ile filamu ya Ball of Fire. Baada ya kupiga ngoma zake kwa kishindo, Krupa huupiga wimbo ule ule tena juu ya kiberiti kwa njiti mbili, taratibu kabisa, na watu wamemzunguka kimya wakimsikiliza. Hakuna lulu pale wala ngao ya jina. Sijui kama kuna vijana waliotoka sinema wakaenda kununua kiberiti.

Sasa tuvuke bahari. Richard Starkey alizaliwa Liverpool, Uingereza, tarehe 7 Julai 1940, katika mtaa wa watu maskini. Alikuwa mtoto mgonjwa. Alipokuwa na umri wa miaka 6 alilazwa hospitali muda mrefu kwa ugonjwa wa tumbo, na alipofika miaka 13 akalazwa tena, safari hii kwa ugonjwa wa kifua, akakaa huko karibu miaka miwili. Masomo yake yaliharibika kabisa. Lakini hospitalini wagonjwa walipewa vyombo vya muziki ili kuwachangamsha, naye huko ndiko alikoanza kupiga ngoma. Seti yake ya kwanza, ambayo ilikwisha tumiwa na mtu mwingine, alinunuliwa na baba yake wa kambo mwaka 1957. Mwezi wa Agosti 1962 aliingia katika bendi ya Beatles, naye alikwisha jiita Ringo Starr.

Alipoingia alikuwa na ngoma za Premier, kazi ya Waingereza, zenye rangi ya kahawia. Zilikuwa ngoma nzuri, lakini zilichakaa kwa safari. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 1963 yeye na meneja wa bendi, Brian Epstein, walikwenda London katika duka liitwalo Drum City, barabara ya Shaftesbury Avenue, duka la bwana mmoja aitwaye Ivor Arbiter. Yafaa kukumbuka kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1950 serikali ya Uingereza ilizuia ala za muziki za Marekani zisiingizwe nchini, na kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1959 tu. Kijana wa Liverpool aliyekulia wakati huo alizijua ngoma za Marekani kwa picha na kwa sahani za santuri. Kwake yeye jina la Marekani lilikuwa na utamu wa kitu kilichokatazwa.

Kwa masimulizi ya Arbiter, Ringo aliona kipande cha ganda, sampuli ya rangi, akakipenda. Kilikuwa lulu ya namna ya pekee: michirizi myeusi, ya kijivu na myeupe iliyopindana kama moshi. Wenyewe waliiita lulu nyeusi ya chaza. Alipouliza ni ya nani, akaambiwa ni ya Ludwig, kiwanda cha Chicago, ambacho Arbiter alikuwa amepata karibuni haki ya kukiuzia bidhaa zake Uingereza. Ringo mwenyewe naye amesema mara nyingi kwamba alitaka ngoma za Marekani kwa kuwa alipenda kila kitu cha Marekani. Masimulizi hayo mawili hayapingani. Ila angalia kwamba katika yote mawili hakuna neno la mlio. Yule ambaye maelfu wangekuja kuiiga rangi yake hakumwiga mpigaji ye yote alipoichagua. Alivutwa na kipande cha plastiki kilichompendeza macho.

Arbiter alitaka jina la Ludwig lionekane mbele ya ngoma kubwa, na Epstein alitaka jina la bendi. Yakaandikwa yote mawili. Arbiter alichora kwa haraka umbo la herufi, B iliyo kubwa na T iliyoshuka chini ya wenzake, na mchora mabango mmoja jina lake Eddie Stokes akalipaka kwenye ngozi. Kazi hiyo ililipwa paundi 5. Alama hiyo ingali ikijulikana duniani kote, na sidhani kama pana mahali pengine ambapo paundi 5 zilinunua kitu chenye umri mrefu namna hiyo.

Mwezi wa Februari 1964 Beatles walisafiri kwenda New York. Ringo hakuchukua seti yake nzima. Alichukua ngoma yake ndogo ya nyuzi, matoazi, na ngozi ya mbele iliyopakwa jina. Ngoma nyingine za Ludwig, za rangi ile ile, zilipatikana dukani New York. Tarehe 9 Februari walionekana katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, na watazamaji walikadiriwa kuwa milioni 73. Ringo aliwekwa juu ya jukwaa refu nyuma ya wenzake, hata ngoma zake zikaonekana juu ya mabega yao. Jina la Ludwig lilisomeka nyumbani kwa watu kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine.

Hapa ndipo jambo nililolisema mwanzo linapoonekana wazi kabisa. Kipindi kile kilirushwa bila rangi. Televisheni ya usiku ule ilikuwa nyeusi na nyeupe. Laiti Ringo angalichagua nyekundu au samawati, watu wale milioni 73 wangaliona ngoma za kijivu zisizo na habari. Lakini ile lulu nyeusi ya chaza yenyewe ilikuwa nyeusi, nyeupe na kijivu. Haikupoteza kitu. Ilifika katika kioo cha televisheni kama ilivyotoka kiwandani, michirizi yake yote, na kijana aliyeiona kiooni aliitambua alipoiona dukani. Ringo hakuyafikiria hayo alipokuwa Shaftesbury Avenue. Arbiter naye hakuyafikiria. Bahati iliyawaza kwa niaba yao.

Yaliyofuata huko Chicago ni habari ijulikanayo vizuri katika biashara hiyo. Maombi ya ngoma za Ludwig yaliongezeka kupita uwezo wa kiwanda, ikabidi mitambo ifanye kazi usiku na mchana. Kiwanda kilikuwa mikononi mwa familia ile ile. William Ludwig mdogo, mwana wa yule mwanzilishi, alimtunukia Ringo ngoma iliyopakwa dhahabu Beatles walipofika Chicago mwezi wa Septemba 1964. Yeye alikuwa na sababu ya kushukuru kuliko mtu ye yote. Umaarufu ule haukununuliwa kwa tangazo. Uliangukia mlangoni mwake kwa sababu ya kipande cha sampuli katika duka la London.

Na wale vijana waliopanga mstari? Hapa walimu wenzangu huniudhi kidogo wanaposema kwamba kijana anunuaye rangi ya mtu mashuhuri ni mtumwa wa kuiga. Mtu anayetaka kununua ngoma hana budi kuchagua rangi. Haiwezekani kununua ngoma isiyo na rangi yo yote. Nayo rangi, kama tulivyosema, haina mlio wa kumwongoza. Sikio halina ushauri, basi kumbukumbu hutoa ushauri wake. Kijana hukumbuka mahali alipoona ngoma zikimchoma moyo kwa mara ya kwanza, naye huchagua hiyo. Sioni aibu katika hilo. Aibu iko kwingine, nayo ni pale rangi inapouzwa kana kwamba ni sauti, na kijana maskini akalipa akiba ya miezi mingi kwa kitu ambacho hakimo ndani ya ngoma aliyopelekewa.

Mfano wake mzuri ni habari ya John Bonham, Mwingereza wa bendi ya Led Zeppelin. Kufika mwisho wa miaka ya 1960 filamu na televisheni zilikuwa zimepata rangi, na mara ngoma zikaanza kupiga kelele kwa macho. Mwaka 1967 kiwanda cha Premier kilimtengenezea Keith Moon wa bendi ya The Who seti iliyojaa michoro na maandishi, ambayo kabla ya hapo ingalionekana kama kibanda cha sarakasi. Baadaye Mmarekani Tony Williams, aliyeingia bendi ya Miles Davis mwaka 1963 akiwa na miaka 17 tu, akawa maarufu kwa ngoma za manjano. Nyeupe ya Krupa na lulu ya Ringo zilikuwa rangi za dunia isiyo na rangi. Hizi mpya zisingeliweza kuzaliwa katika dunia hiyo.

Mwaka 1972 Ludwig walianza kuuza ngoma zisizo na mbao kabisa, zilizoundwa kwa plastiki ngumu ipenyezayo mwanga kama kioo. Bonham alichukua seti ya rangi ya kaharabu, yaani manjano iliyoiva kama asali, yenye ngoma ya mguu ya inchi 26. Mwezi wa Julai 1973 bendi yake ilipigwa picha za sinema katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, na filamu ikatolewa mwaka 1976. Taa zilipenya katika ngoma zile zikawaka kama taa za karabai. Tangu hapo kaharabu ni rangi ya Bonham. Ye yote apigaye ngoma duniani hukuambia hivyo.

Lakini wengi waliozitafuta ngoma hizo walikuwa wakitafuta mlio waliousikia katika sahani zake, hasa ule mzito wenye mwangwi katika wimbo uitwao When the Levee Breaks. Wimbo huo ulitolewa mwaka 1971. Seti ya kaharabu ilikuwa haijatengenezwa. Bonham aliupiga kwa ngoma za mbao, nazo ziliwekwa chini ya ngazi katika ukumbi wa nyumba kubwa ya zamani iitwayo Headley Grange, na vipaza sauti viwili vikaning'inizwa juu kabisa. Mlio ule ulikuwa wa mbao, na kuta, na ngazi, na mkono wa Bonham. Basi kijana aliyenunua kaharabu ili aupate mlio ule alinunua ngoma ambayo haikuwa chumbani. Tena hapa ile kanuni yangu ya mwanzo yavunjika, na ni haki nikiri: kaharabu si rangi tu, bali ni kitu kingine kilichoshika mahali pa mbao, na mlio wake ni tofauti kweli. Mnunuzi alipata tofauti. Hakuipata aliyoitaka.

Yabaki habari ya Ringo mwenyewe. Wakati vijana wangali wakiagiza lulu nyeusi ya chaza kutoka Chicago, yeye aliiacha. Tarehe 30 Januari 1969 Beatles walipiga muziki mbele za watu kwa mara ya mwisho, juu ya dari la nyumba yao ya kazi huko Savile Row, London, siku ya baridi kali. Ngoma za Ringo siku hiyo zilikuwa za Ludwig bado, lakini hazikuwa na ganda lo lote. Zilikuwa mbao tupu iliyopakwa vanishi, rangi ya mti wa mepo. Filamu iliyopigwa siku ile ilikuwa na rangi.

Seti yake ya kwanza ya lulu nyeusi, ile ya mwaka 1963, aliitunza zaidi ya miaka 50. Mwezi wa Desemba 2015 iliuzwa kwa mnada huko Beverly Hills, California, kwa zaidi ya dola milioni 2. Ludwig wangali wakiitengeneza rangi hiyo na kuiuza kwa ye yote aitakaye. Na mbao iliyo chini ya ganda la seti ile ya mnada ni mbao ile ile ambayo kiwanda cha Chicago kiliitumia mwaka ule kwa ngoma zilizofunikwa rangi nyingine zote.